Fanya Sachi Kabla ya Kufungua: Wito kwa Watu wa Kitengela na Kajiado



Hakuna mtu wa huku kwetu anayehitaji kufundishwa maana ya sachi. Tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela igawanywe mwaka 1988, na nyanda za malisho zianze kukatwakatwa vipande vya futi hamsini kwa mia, maisha yetu yamekuwa ya ploti, madalali na hati. Tumeona ploti moja ikiuzwa kwa watu watatu. Tumeona hati ya bandia yenye muhuri unaong'aa kuliko muhuri wa kweli. Ndiyo maana hata mama anayeuza nyanya Noonkopir atakwambia bila kusita: hati uliyoonyeshwa si kitu mpaka ufike ofisi ya ardhi, utoe namba ya ploti, ulipe ada, usubiri, uambiwe ni jina la nani lililo kwenye rejesta. Hiyo ndiyo sachi, tena uende mwenyewe. Sachi aliyokuletea muuzaji ni karatasi tu.

Basi nina swali, na nalianza kwangu mwenyewe. Sisi tusionunua hata kipande cha shamba bila sachi, mbona simu na kompyuta zetu, zilizobeba M-PESA, vitambulisho, picha za watoto na barua za kazi, tunazitia programu yoyote iliyokuja kwa flashi au kwa kundi la WhatsApp, mradi jina lake linafanana na tunalolijua?

Mimi nimeshauziwa mbuzi kwenye gunia. Leptopu yangu iliharibika, nikaipeleka kwa fundi, ikarudi ikiwaka vizuri, ina Windows mpya na kijiprogramu cha kuifanya Windows hiyo idhani imelipiwa. Nikashukuru, nikalipa, nikaenda zangu. Baada ya majuma machache marafiki wakaanza kunipigia: mbona unatutumia viungo vya ajabu saa nane za usiku? Saa nane za usiku mimi nilikuwa nimelala. Jirani yangu, mwalimu wa kompyuta, alikuja akaketi mbele ya mashine ile, wala hakuanza kwa kufuta kitu. Alikitoa kile kijiprogramu alama yake, akaitafuta mtandaoni. Majibu yalikuja kwa sekunde chache: kampuni kadhaa za kupambana na virusi zilikuwa zikikijua kitambo, na kila moja imekipa jina lake baya. Kilijulikana dunia nzima, isipokuwa kwangu.

Alama ile ndiyo iliyonifanya niandike wito huu.

Pua ya ng'ombe

Alama hiyo huitwa hashi. Ni hesabu ambayo kompyuta huifanya kwa kulisoma faili lote, baiti ya kwanza hadi ya mwisho, na kutoa jibu fupi lenye urefu uleule daima. Kwa hesabu inayotumika sana leo, iitwayo SHA-256, jibu ni mchanganyiko wa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, jumla 64. Tusichanganye mambo: SHA hii si ile ya hospitali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Hii haina makato. Faili liwe barua ya nusu ukurasa au filamu ya saa tatu, jibu ni 64 tu. Lakini ukiongeza nafasi moja tupu ndani ya barua hiyo, jibu zima linageuka, huwezi kudhani ni la barua ileile. Na idadi ya majibu yanayowezekana ni namba yenye tarakimu 78, kwa hiyo mafaili mawili tofauti kuangukia jibu moja kwa bahati ni jambo lisilotarajiwa na yeyote.

Wafugaji mtaielewa hashi upesi kutushinda sisi wa mjini. Kwa desturi ya Wamaasai, kila ukoo una chapa yake na namna yake ya kukata masikio ya mifugo. Chapa ni kitu kizuri, ila hupigwa na mkono wa mtu, na mwizi mwenye chuma cha moto anaweza kupiga nyingine juu yake. Pua ni habari nyingine. Mistari ya pua ya ng'ombe haifanani na ya ng'ombe mwingine, kama zilivyo alama za vidole vyetu; hakuipiga mtu, wala huwezi kuibadilisha ukabaki na ng'ombe yuleyule. Jina la faili, kipicha chake kwenye skrini, hata neno "rasmi" lililobandikwa ubavuni, zote hizo ni chapa. Hashi ni pua.

Lakini pua peke yake haikwambii ng'ombe ni wa nani. Lazima pawe na rejesta.

Rejesta ziko wapi

Kwa mafaili, rejesta ni za namna tatu.

Ya kwanza ni ya mtengenezaji mwenyewe. Wanaotoa LibreOffice ya kuandikia, VLC ya kuchezea video, na Ubuntu inayoweza kukaa mahali pa Windows, wote huchapisha hashi za mafaili yao. Hizi tatu ni programu za bure na halali kugawana, kwa hiyo hakuna sababu ya kujificha.

Ya pili ni maktaba ya mafaili yanayojulikana. Iliyo maarufu zaidi inatunzwa na NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, na jina lake ni National Software Reference Library. Watu wake hukusanya programu halisi, huzifumua faili kwa faili, na kuandika hashi ya kila faili kwenye orodha inayotolewa bure kwa ulimwengu. Wanaoitumia zaidi ni wapelelezi. Kompyuta moja ya kawaida huwa na mamia ya maelfu ya mafaili, na mengi ni ya Windows na programu za kila siku. Badala ya kuyafungua moja moja, mpelelezi hulinganisha hashi, huyaweka kando yanayojulikana, kisha huketi na machache yaliyobaki. Ni kama mchungaji anayewatenga ng'ombe wa boma lake jioni: wanaobaki ndio wa kuuliziwa. Ila tukumbuke kwamba maktaba hiyo husema "namjua", haisemi "ni mwema". Hata zana za wadukuzi zimo humo, kwa kuwa nazo zinajulikana.

Ya tatu ni VirusTotal, huduma iliyoanza Uhispania mwaka 2004 na ambayo sasa ni ya Google. Unabandika hashi, nayo inakwambia kama faili hilo limewahi kuonekana, na antivairasi kadhaa wa kadhaa zinalisemaje. Hapa ndipo utamu ulipo: kutuma hashi si kutuma faili. Anayeipokea hawezi kulirudisha faili kutoka kwenye hashi, kama vile alama ya pua haikamuliwi maziwa. Nawasihi basi, msipakie huko faili lenyewe likiwa ni hati ya shamba, majibu ya hospitali au orodha ya wanachama wa chama, kwa sababu kinachopakiwa huweza kufikiwa na wateja na watafiti wa huduma hiyo. Pelekeni hashi tu.

Mlinzi wa geti

Wengi wetu tunaamini kinga ni kuwajua wabaya: nina antivairasi, itawakamata. Inasaidia, na msiiondoe. Lakini orodha ya wabaya haina mwisho. Mwandishi wa virusi anajua kwamba akibadilisha baiti moja, hashi inageuka na faili lake linatoka kwenye orodha ya wezi. Anaweza kufanya hivyo kila siku, tena kwa mashine. Asichoweza ni kuingia kwenye orodha ya wenyeji kwa ujanja huo. Mlinzi wa geti la mtaa wenu hana picha za wezi wote wa Kitengela na Athi River. Ana orodha ya wenye nyumba. Asiyekuwemo anasimama kwanza, anaulizwa.

Mfano mmoja wa kuamini chapa badala ya orodha unatosha. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kwamba toleo moja la FMWhatsApp, ile WhatsApp iliyoongezwa manjonjo na kusambazwa nje ya duka rasmi, lilikuwa limebeba kirusi kiitwacho Triada. Mwaka uliofuata ikaeleza habari kama hiyo kuhusu YoWhatsApp. Aliyeiweka kwenye simu aliona rangi ya kijani anayoijua, mazungumzo yakaendelea kama kawaida, akaridhika na chapa. Pua ilikuwa ya mnyama mwingine. Nasi huku tatizo hili si la kusikia redioni: mwaka 2024 Google iliiweka Kenya miongoni mwa nchi za majaribio ya kuzuia programu za nje ya duka zinazoomba ruhusa nyeti, kama ile ya kusoma SMS. Mnajua wenyewe SMS zetu zimebeba nini.

Uende mwenyewe

Kanuni yetu ya ardhi ndiyo kanuni ya hapa. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakageuza kiungo, hata watu waliodhani wanapakua toleo la 17.3 wakapakua nakala iliyowekewa mlango wa siri. Jina lilikuwa sawa na tovuti ilikuwa ileile. Mkuu wa mradi huo, Clement Lefebvre, alipowatangazia watu, aliwapa hashi za mafaili ya kweli ili kila mmoja alinganishe na alicho nacho. Lakini tujifunze zaidi ya hapo: aliyeweza kubadilisha faili kwenye tovuti anaweza kubadilisha na hashi iliyoandikwa pembeni yake. Faili na hashi vikitoka mkono mmoja, hiyo ni sachi iliyoletwa na muuzaji. Itafute hashi kwa njia nyingine: kwa mtu aliyelipakua faili hilo mwezi uliopita, kwa tovuti nyingine inayoaminika, kwa VirusTotal.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko kupanga foleni ofisi ya ardhi. Kwenye Windows, fungua PowerShell, andika Get-FileHash, acha nafasi, buruta faili ulilete ndani ya dirisha hilo, kisha bonyeza Enter. Kwenye Linux amri ni sha256sum, na kwenye Mac ni shasum -a 256. Faili likiwa kubwa, subiri kidogo. Jibu likija, usilinganishe kwa macho. Macho huchoka na kuruka. Linakili, nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji, au kwenye rejesta nyingine kama faili nalo limetoka huko, libandike mahali pa kutafutia neno. Likipatikana, umepata. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti hapa. Ukikuta mtu ameandika hashi ya aina ya MD5 au SHA-1, jua hizo ni kufuli za zamani: MD5 ilivunjwa na watafiti wa China mwaka 2004, na SHA-1 mwaka 2017, wataalamu wa Amsterdam na Google walipotengeneza mafaili mawili tofauti yenye hashi moja. Tumia SHA-256.

Kwenye simu, pakueni kutoka duka rasmi, na msiizime Play Protect eti inawasumbua. Faili la APK likija kwa kundi, lipelekeni kwanza kwenye kompyuta ya saiba, litolewe hashi, liulizwe.

Kwa nini tufanye pamoja

Najua bando ni ghali. Najua ndiyo maana programu ikipakuliwa mara moja mjini huzunguka kwa flashi kutoka Milimani hadi Korompoi na kufika Bissil bila kupakuliwa tena. Siwaombi muache kugawana. Nasema hashi ndiyo inayoufanya ugawanaji huo uwe salama. Faili la gigabaiti nne halitumwi kwa SMS, lakini hashi yake inatumwa: SMS moja ina nafasi 160, hashi ina 64, na zinaingia mbili na salamu juu. Mtu aliye Kajiado akipokea flashi iliyopita mikono kumi, atamwandikia aliyelipakua faili mwanzo, apokee hashi, alinganishe. Zikifanana, ile mikono kumi haikugusa kitu.

Hapo ndipo penye haja ya daftari letu la hashi, na ndipo wito wangu ulipo. Kaunti yetu ilihesabiwa watu 1,117,840 mwaka 2019. Sote hatuwezi kuwa wataalamu, wala si lazima. Wachache wakiandika, wengi watauliza.

Wenye saiba, naanza nanyi, kwa kuwa ninyi ndio ofisi ya ardhi ya kompyuta zetu. Kwenu ndiko tunakotolea PIN ya KRA, cheti cha tabia njema na ripoti za ushuru kila Juni inapokaribia kuisha. Naomba muweke daftari moja kwenye kaunta lenye safu tano: jina la programu, toleo, tarehe, ilikotoka, na hashi. Anzeni na programu kumi mnazowawekea wateja kila mara. Ukurasa huo ubandikeni ukutani kando ya bei zenu, na mteja akiuliza, mlinganishe akiona. Mtapata jina jema ambalo hakuna tangazo linaloweza kulinunua.

Mafundi wa simu na kompyuta, mteja akija kuchukua mashine yake, mpeni pamoja na risiti orodha ya mlichoweka na hashi zake. Na vile vijiprogramu vya kuidanganya Windows, naomba mviache. Ubuntu ni bure.

Walimu wa kompyuta, nanyi wanafunzi wa vyuo vya ufundi pale Kajiado, somo hili halihitaji maabara kubwa. Chukueni barua moja, toeni hashi, ongezeni nukta moja, toeni tena. Mtoto akishaona jibu lote limegeuka kwa ajili ya nukta, hatasahau. Kisha tusaidieni kuyalinganisha madaftari ya saiba mbalimbali. Pale mawili yanapotofautiana kwa programu moja na toleo moja, pana jambo.

Vijana mnaoandika programu zenu wenyewe, za kuhesabu maziwa, kodi za nyumba au michango ya chama: faili lenu halitakuwa kwenye orodha yoyote ya dunia, na hilo si kosa. Asiyejulikana si mwizi. Lakini chapisheni hashi ya kila toleo, mkikumbuka kwamba toleo jipya ni faili jipya na hashi mpya, ili anayewaamini ajue amepata kazi ya mikono yenu.

Wasimamizi wa makundi ya WhatsApp ya mitaa, wekeni sharti moja: asitume mtu programu kundini bila kusema ilikotoka na hashi yake. Ikitumwa ya kutiliwa shaka, msiifute tu kimyakimya. Toeni hashi, wajulisheni wengine, na mpeleke taarifa kwa KE-CIRT, kitengo cha usalama wa mitandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Nanyi mlio kwenye kesi za ploti, hili nalo lina faida kwenu. Ukiwa na sauti au picha ya makubaliano kwenye simu, siku unapoinakili toa hashi na uiandike pamoja na tarehe mbele ya shahidi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti cha kueleza ilivyotolewa. Hashi haichukui nafasi ya cheti hicho wala ya wakili, ila itasaidia kuonyesha kwamba kilichofika mahakamani ndicho kilichonakiliwa siku ile.

Mstari wa kwanza

Nimeshafungua daftari langu, na mstari wa kwanza nimeuandika kwa ajili yenu. Kwenye kompyuta yoyote, tengenezeni faili la maandishi lisilo na kitu ndani, hata nafasi moja. Litoeni hashi ya SHA-256. Hata utupu una alama yake, nayo ni hii:

e3b0c44298fc1c149afbf4c8996fb92427ae41e4649b934ca495991b7852b855

Ikitoka hiyo kwako Kajiado, na kwa mwenzako Isinya, na kwangu hapa Kitengela, tutajua mashine zetu zinasema lugha moja. Ikitoka nyingine, kuna kitu ndani ya faili ulilodhani ni tupu, na hapo umeshapata sababu ya kuuliza. Mstari wa pili nimeuacha wazi. Njooni na flashi.